Nimenunua raba, nimelipia jimu, vyote nimeacha: Shangazi, mimi ni mvivu?

SWALI

Shikamoo Shangazi. Nisamehe barua ni ndefu, manake hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu na kila nikijaribu kumwambia mtu ananijibu neno moja tu, uvivu, mazungumzo yanaishia hapo.

Nina miaka 43, mama wa watoto watatu, nakaa Tabata, nafanya uhasibu kwenye ofisi moja kule Posta. Kazi yangu ni ya kukaa. Asubuhi nakaa kwenye daladala nikibahatika siti, nakaa ofisini mpaka jioni, nakaa tena kwenye foleni ya kurudi, nikifika nyumbani miguu imevimba najitupa kwenye kochi nakagua madaftari ya watoto. Mwaka jana nilienda zahanati kichwa kinauma, wakanipima presha wakakuta 148 kwa 94, nikarudi baada ya wiki ikawa inacheza hukohuko. Daktari akasema mama kabla hatujafika kwenye vidonge tujaribu kwanza chumvi, uzito na mazoezi.

Nikatoka pale na moto kweli. Nikaenda Karume nikanunua raba, nikanunua na traki, nikatega alamu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Siku ya kwanza nikakimbia. Sijakimbia toka nimemaliza shule Shangazi, nilivuka kama nguzo tano za umeme hivi moyo unataka kutoka, nikasimama nimeegemea ukuta wa watu, vijana wa bodaboda wananitazama, mmoja akasema "mama kibonge pole pole" wenzake wakacheka. Nikajikaza siku tisa. Siku ya tisa jirani yangu, mtu tunayekopeshana chumvi, akaniuliza dirishani "mwenzetu unamkimbiza nani, au baba watoto kapata mwingine?" Nikarudi ndani. Raba ziko chini ya kitanda mpaka leo.

Nikasema basi jimu, kule ni ndani hakuna wa kuniona. Nikalipa miezi mitatu kwa mkupuo ili hela initie uchungu. Nimeenda mara tano tu. Ukuta mzima ni vioo, wasichana ambao ningeweza kuwazaa wamevaa skintaiti, mimi nimevaa dera juu ya traki, halafu yule mwalimu mbele za watu ananiambia "mama hilo tumbo tutalitoa usijali". Najua alikuwa ananitia moyo. Ila nilitamani sakafu inimeze.

Na kuna kitu sijawahi kumwambia mtu. Shule ya msingi tulikuwa tunakimbia mchakamchaka, na wa mwisho anarudishwa azunguke tena uwanja peke yake wenzake wanamwangalia, na wa mwisho karibu kila siku nilikuwa mimi. Nikichelewa namba, kichurachura. Mpaka leo nikivaa zile raba tumbo linanisokota kama niko darasa la tano.

Sasa sio mimi tu. Mama yangu ana miaka 70, tulimtoa Moshi miaka miwili iliyopita baada ya kuteleza bafuni akavunjika mkono. Mkono ulipona vizuri kabisa ila mama hakupona, huyu mtu alikuwa anapanda na kushuka mgombani na debe kichwani, leo hata dukani kwa Mpemba hapo nje hafiki, anakaa kwenye kiti cha varanda toka asubuhi mpaka jioni, akitaka maji dada wa kazi anamletea. Na sisi tunamwambia mama tulia, usije ukaanguka tena. Mume wangu ana 52, ujana wake alicheza mpira sana, sasa ana kitambi na anahema akipanda ngazi, alijaribu siku moja kucheza na wenzake akatolewa baada ya dakika kumi, nikimgusia anajibu "mimi mambo hayo nilishayamaliza". Mdogo wangu wa kiume tunakaa naye, ana 24, yupo chuo, yeye ni jimu siku sita kwa wiki, picha kwenye status kila siku, unga wa protini umejaa kabatini, na akikosa siku moja nyumba nzima tunajua kwa alivyonuna. Yeye ndo ananiambia dada huna nidhamu. Simu inasema natembea hatua 2,900 kwa siku, yeye anasema chini ya elfu kumi unapoteza muda wako.

Mwezi uliopita nikapata wazo, nikaandika ratiba nikaibandika kwenye friji, kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi familia nzima uwanjani. Hakuja mtu. Mama alikuwa na rozari yake, mume alilala, mdogo wangu akasema Jumamosi ni siku yake ya kupiga miguu hawezi kuipoteza kwa kutembea na sisi. Nikakaa jikoni nikalia.

Shangazi niambie ukweli, sisi ni wavivu? Au nina tatizo kichwani? Na nifanyeje hawa watu wote wafanye mazoezi kabla hatujazikana?

Mama wa Watatu, Tabata

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale jikoni ulipolia nimekaa na wewe kwa muda.

Nianze na presha ili tuimalize. Umesema ilipimwa mwaka jana. Wiki hii nenda kapime tena, hata kama unajisikia mzima, kwa sababu presha inakaa kimya na mwaka mzima ni mrefu. Wakikuanzishia dawa utameza na kutembea utatembea, kimoja hakifuti kingine. Mume naye apime, mtu wa 52 anayehema kwenye ngazi asianze na mpira kabla hajaonwa na daktari. Na yeyote kati yenu akibanwa kifua au kuona kizunguzungu akiwa anafanya mazoezi, anasimama hapohapo na hospitali inafuata.

Sasa neno uvivu. Silikubali. Mtu mvivu haamki saa kumi na moja na nusu siku tisa mfululizo na watoto watatu na ofisi inamsubiri. Na usidhani ni nyumba yako tu, mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu kwamba asilimia 31 ya watu wazima duniani, kama bilioni 1.8, hawafikii kiwango cha mazoezi kinachoshauriwa, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Huwezi kuniambia hao wote hawana nidhamu. Kwenye nyumba yako naona watu wazima wanne na kila mmoja kashikwa mguu na kitu tofauti, wewe aibu, mama hofu, mume ule ujana wake, na mdogo wako (utashangaa) naye kashikwa, nitamfikia. Ile ratiba ya friji ilifeli kwa sababu ilimpa kila mtu dawa yako wewe.

Nianze na wewe, na hapa nitakaa sana.

Uliyoandika kuhusu mchakamchaka ndo moyo wa barua yako yote, japo umeiweka katikati kama kitu kidogo. Mwili una kumbukumbu zake. Ukimfundisha mtoto miaka saba kwamba kukimbia ni adhabu na wa mwisho anaonyeshwa kwa wenzake, hata akiwa na miaka 43 na mshahara wake mkononi, akifunga kamba za raba mwili unajiandaa kuaibishwa. Kisha ukatoka barabarani, na yule wa bodaboda akasema yaleyale. Kisha jimu, yaleyale. Mara tatu mwili wako umepata ushahidi kwamba ulikuwa sahihi kuogopa. Sio kichwa kibovu hicho mwanangu, ni kichwa kinachojilinda.

Kuna mwanasaikolojia anaitwa Albert Bandura, mwaka 1977 alieleza jambo ambalo mpaka leo watafiti wa mazoezi wanaliegemea: mtu hafanyi kitu kwa sababu kina faida, anafanya pale anapoamini kwamba yeye mwenyewe anakiweza. Na imani hiyo haitoki hewani. Inatoka kwanza kwenye kukifanya ukafanikiwa, hata kidogo, halafu kwenye kumwona mtu wa aina yako anakifanya, halafu maneno unayoambiwa na watu, na mwisho jinsi unavyousoma mwili wako, yani moyo ukidunda unasema "nafanya kazi" au unasema "nakufa". Sasa angalia ulivyoanza. Ulianza na kitu ambacho lazima ushindwe, kukimbia baada ya miaka mingi ya kukaa. Uliokuwa unawaona ni wasichana wa miaka 22. Uliyoambiwa ni kibonge na tumbo. Na moyo ulipodunda ukashika ukuta. Milango yote minne ilifungwa, na bado barabarani ulirudi siku nane zaidi baada ya ile ya kwanza!

Kwa hiyo kwanza, acha kukimbia. Hakuna aliyekuambia ukimbie, daktari mwenyewe kataja mazoezi tu. Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuongea na mtu ila kuimba huwezi. Kuna watafiti, mmojawao ni Panteleimon Ekkekakis, wamechunguza sana watu wanavyojisikia wakiwa katikati ya zoezi, na wanaonyesha kwamba ukivuka ile sehemu pumzi inapoanza kukushinda, raha inashuka haraka, na mtu anayejisikia vibaya leo kesho hatamani kurudi. Mwendo wa kuongea ni mwendo kamili, usiuone wa wagonjwa. Shirika la Afya linasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo huo zinatosha, ukiongeza siku mbili za kukaza misuli, na toka 2020 wanasema wazi hata dakika chache zinahesabiwa na kidogo ni bora kuliko hakuna. Dakika 150 ukizigawa ni nusu saa siku tano.

Hiyo nusu saa utaipata wapi? Hapa naijua sauti inayokusumbua, kila mama wa umri wako anayeniandikia anayo. Ni ile inayosema ukitoka kwenda kutembea umewaibia watoto, chakula hakijaiva, daftari hazijakaguliwa, mama yupo peke yake, na wewe unazurura barabarani kwa ajili ya mwili wako. Kijana wa 24 hana hiyo sauti. Mzee wa 70 hana. Ni ya umri wa katikati, umri wa kubeba watu pande zote, na kwa wanawake inapiga kelele zaidi. Sitakudanganya kwamba utaizima. Ila unaweza kuipita pembeni kwa kuweka kutembea ndani ya safari ambayo tayari ni halali machoni pako. Shuka daladala kituo kimoja kabla, baadaye viwili. Jioni hiyo hakuna anayejua unafanya mazoezi, umevaa nguo za kazi, una mkoba, ni mama anarudi nyumbani, bodaboda hawana la kusema.

Na iseme kwa sentensi moja inayoshika saa na mahali, sio "nitaanza kutembea". Sema hivi: "konda akitangaza kituo cha kabla ya changu, nashuka." Mjerumani mmoja, Peter Gollwitzer, amefanya kazi ya miaka mingi kuonyesha kwamba nia iliyofungwa kwenye tukio, yani likitokea hili nafanya lile, inatekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla, kwa sababu huhitaji kujishawishi upya kila jioni. Uchovu ukikuta umeshaamua, unapita.

Kwamba kutembea kwenye shughuli sio mazoezi ya kweli, hilo nalo litoe. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake London walichapisha utafiti wa mabasi ya ghorofa. Walilinganisha madereva na makonda, watu wa kampuni moja, maisha yanafanana. Makonda waliokuwa wanapanda na kushuka ngazi siku nzima kukata tiketi walikuwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Hakuna konda aliyevaa traki. Ni kazi tu. Wewe mwanangu kwa sasa ni dereva, na tunataka tukuhamishie kidogo upande wa konda.

Zile hatua elfu kumi za mdogo wako pia nizisemee. Ile namba ilienea kutoka Japani mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ilipotoa kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la kuuzia bidhaa. Tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha faida inaanza chini sana ya hapo, na anayefaidika haraka zaidi ni yule aliyekuwa chini kabisa. Wewe wa 2,900 ukifika 4,500 umefanya jambo kubwa.

Watu wa kuwaona. Jumapili asubuhi pita Temeke au Mbagala uone klabu za joging zinavyotoka, fulana za rangi moja, wanaimba, wamo vijana na wamo wamama wa saizi yako na zaidi wanaofuata nyuma kwa kutembea na hakuna anayewarudisha kuzunguka uwanja. Hata Tabata hamkosi kikundi. Toka kampeni ile ya 2016, Samia akiwa Makamu wa Rais, ilipotengwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa mazoezi, mtu mzima kuonekana na raba barabarani sio kioja kama zamani. Sikulazimishi ujiunge. Nataka macho yako yawe na picha nyingine zaidi ya vile vioo vya jimu. Na ukimpata mama mmoja tu, hata wa ofisini, mkashuka wote kituo cha kabla, huyo ana thamani kuliko kadi ya miezi mitatu.

Utakosa siku. Mvua, mtoto kaumwa, mwisho wa mwezi ofisini. Kule University College London Phillippa Lally na wenzake waliwafuatilia watu 96 wanaojenga tabia mpya, ilichukua wastani wa siku 66 tabia kukaa yenyewe, ila kuna waliotumia 18 na kuna waliohesabiwa watafika 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Wewe ulijipa siku tisa halafu ukajihukumu.

Mama yako sasa. Huyu ndo ananiumiza zaidi kwa sababu mnampenda na mnamdhuru hapohapo. Mkono umepona ila hofu ya kuanguka imebaki, na hofu hii inajulikana, daktari Mary Tinetti wa Yale alitengeneza mpaka kipimo chake mwaka 1990. Inazunguka hivi: mzee anaogopa kuanguka, kwa hiyo anakaa, akikaa misuli ya mapaja inaisha na mizani ya mwili inapotea, na hapo sasa hata akisimama kwenda chooni anayumba, anaogopa zaidi, anakaa zaidi. Kile kiti cha varanda mnachodhani kinamlinda ndo kinamwandalia anguko lijalo. Na kila mnaposema "mama tulia" mnamthibitishia kwamba hawezi. Mwanamke aliyebeba debe mgombani!

Muondoleeni kwanza sababu ya kweli ya kuogopa. Bafuni wekeni mkeka wa mpira na chuma cha kushika ukutani, taa ya usiku iwepo, kandambili zilizolika sole tupeni. Halafu aonwe na mtu wa fiziotherapia mara moja au mbili, ni hela inayorudi. Nyumbani aanze kwenye kiti chenyewe: kusimama na kukaa bila kutumia mikono ikiwezekana, mara tano, baadaye kumi. Kusimama ameshika meza ya jikoni kwa mguu mmoja kwa kuhesabu mpaka kumi, na mtu yupo karibu. Kwa waliovuka 65 ushauri ni mazoezi ya mizani na nguvu angalau siku tatu kwa wiki, na hayo ndo yenyewe. Dada wa kazi asimletee maji, aambiwe kwa upole kabisa, bibi atajichukulia.

Ila usimwambie afanye ili aishi miaka mingi. Mtu wa 70 haguswi sana na hiyo. Laura Carstensen wa Stanford ameandika sana kuhusu hili, kwamba kadiri mtu anavyoona muda uliobaki ni mfupi ndivyo anavyochagua yale yenye maana leo, na watu wake wa karibu. Kwa hiyo mpe mtu, usimpe zoezi. Jumuiya ndogondogo haiko mbali na hapo, mjukuu amshike mkono wa upande uliopona wakaende pamoja, wapumzike njiani mara mbili. Mpe ndoo tano zenye udongo apande mchicha nyuma ya nyumba, mtu wa mgombani akishika udongo atainama na kuinuka bila kuhesabiwa. Na yale maneno ya "mimi nimeshazeeka" msiyachekee wala kuyaitikia. Becca Levy, mtafiti mwingine wa Yale, mwaka 2002 aliripoti habari za wazee wa mji mmoja wa Ohio waliofuatiliwa zaidi ya miaka 20, waliokuwa wanauona uzee wao kwa jicho jema waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya waliouona kwa jicho baya. Mnachomwambia kila siku pale varanda kinamwingia.

Mume nitamgusa kwa kifupi. "Nilishayamaliza" ni maneno ya mtu anayeomboleza. Anajilinganisha na yule kijana aliyekuwa anakata kona na mpira mguuni, na dakika kumi zile zilimwonyesha mbele ya wenzake kwamba yule kijana hayupo. Wanaume wa miaka hiyo wengi wanaona bora waache kabisa kuliko waonekane wamepungua. Usimtajie kitambi tena. Mwombe akusaidie, kwa kweli kabisa, mwambie Jumapili asubuhi naogopa kutembea peke yangu nisindikize. Aje kama mlinzi. Baada ya miezi miwili mitatu pumzi ikirudi, na daktari akiruhusu, timu za maveterani zipo karibu kila mtaa, huko wote wamepungua na wanapeana pasi za miguuni.

Na mdogo wako. Kila mtu pale nyumbani anaona yeye ndo mfano, mimi ndo nimemwekea alama. Kijana anayenuna akikosa siku moja na asiyeweza kutembea nusu saa na mama yake hajaupenda mwili wake bado, anaukimbiza. Deci na Ryan, wanasaikolojia wawili wa Marekani, wametenganisha vizuri mambo haya: kuna anayefanya kwa sababu anapenda na anaona thamani, na kuna anayefanya kwa kujisukuma na hatia, aibu na macho ya watu. Wa pili anaweza kuwa na bidii kuliko wote lakini ndo huyo akipata ajira ya kuamka alfajiri au akivunjwa moyo na msichana anaacha mara moja, au anatafuta njia ya mkato. Kaa naye siku moja bila kumhukumu, muulize anatumia nini zaidi ya ule unga, kama kuna vidonge au sindano za kujaza misuli hilo linahitaji daktari haraka. Muulize pia ni nani alimwambia mwili wake hautoshi, manake kuna mtu alisema. Wewe uliyeitwa kibonge barabarani ndo mtu pekee nyumbani humo unayeweza kumwelewa.

Kisha mpe kazi. Yeye anajua jinsi ya kumfundisha mtu kusimama na kukaa bila kuumiza goti. Mama ni wake, jioni ni dakika kumi. Atajiona anaweza kitu ambacho hakipigwi picha, na mama atamsikiliza yeye kuliko anavyotusikiliza sisi wanawake.

Usianze na wote wiki moja. Anza na kituo chako cha daladala na mkeka wa bafuni, basi. Mume mwombe mwezi ujao. Raba zitoe chini ya kitanda uzipeleke ofisini, zikae chini ya meza, utavaa jioni wakati wa kutoka, na mguu wako utazizoea kwa njia nyingine isiyo ya mchakamchaka. Ile karatasi ya kwenye friji itoe leo kabla mume hajarudi. Mama akifika dukani kwa Mpemba niandikie siku hiyohiyo, hata kama ni mstari mmoja.